Vidonge Vipo, Maelezo Ndiyo Adimu

Mwanamke wa Tanga akitoka chumba cha utrasaundi na taarifa kwamba mimba yake ya wiki tisa haina mapigo, maswali yanaanza kabla hajafika nyumbani. Mama mkwe anataka kujua kama alinyanyua ndoo. Shoga yake anakumbuka safari ya bodaboda ya wiki iliyopita. Na kituoni kwenyewe, aliyevaa sare anaweza kumkazia jicho na kumuuliza, "Umekunywa nini?" Lakini swali la yeye mwenyewe angependa atibiwe vipi ndilo linalokosa mtu wa kuliuliza.

Nianze na hiyo ndoo, maana inaumiza watu bure. Kati ya mimba 100 zilizokwisha kuthibitishwa, 10 hadi 20 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 13. Karibu nusu ya hizo zina hitilafu ya kromosomu, vile vibeba urithi vya ndani ya chembe hai, iliyokuwepo tangu mwanzo kabisa, mwanamke hajajua hata kama ana mimba. Hitilafu hiyo haisababishwi na ndoo, wala tendo la ndoa, wala ugomvi wa nyumbani, wala pikipiki. Pwani tuna jibu letu jingine, chango, yale maradhi ya tumbo la uzazi ya kienyeji, na sina nia ya kubishana na bibi yeyote wa Makorora anayelijua chango kuliko mimi. Namwomba tu asimwambie mjukuu wake kwamba kosa ni lake.

Mimba iliyosimama, yaani iliyokufa lakini bado haijatoka, ina njia tatu za kumalizika salama. Unaweza kusubiri mwili wenyewe uitoe, jambo linaloweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Unaweza kutumia vidonge vya misoprostoli, ambavyo hulainisha mlango wa kizazi na kukifanya kizazi kibane na kusukuma nje kilichomo. Au unaweza kufyonzwa kwa pampu ya mkono, kazi ya dakika chache ambayo sisi wote tunaiita kusafishwa. Mwanamke asiyetoka damu nyingi, asiye na homa wala dalili za maambukizi, na ambaye imethibitika kwamba mimba iko ndani ya kizazi, anastahili kuzisikia zote tatu. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2006 ulizilinganisha na kukuta maambukizi ni asilimia 2 hadi 3 kila upande. Kilichopishana ni usumbufu: karibu nusu ya waliosubiri walijikuta wamelazwa bila kupanga, wakati kwa waliosafishwa haikufika hata mmoja kati ya kumi. Wa vidonge walikuwa katikati.

Mazungumzo ninayosimuliwa na wanawake wa Ngamiani, wa Chumbageni na wa Pongwe ni mafupi kuliko hapo. "Imeharibika, utasafishwa, njoo kesho bila kula." Au kinyume chake: kibahasha cha kaki chenye vidonge, maandishi yasiyosomeka ya vingapi na mara ngapi, kisha anaonyeshwa mlango. Wa kwanza hakuambiwa kuwa kuna vidonge. Wa pili hakuambiwa vidonge vitamfanya nini. Mimi nawaweka wote wawili kwenye kapu moja, ingawa wenzetu wa afya wanapenda kubishana ni njia ipi ya kisasa zaidi.

Sisemi kusafishwa ni kubaya. Pampu ni salama, ni ya haraka, na mtu anaondoka akijua yameisha. Kinachopaswa kuachwa ni kukwanguliwa kwa chuma, ambako Shirika la Afya Duniani, WHO, limeshaelekeza mahali pake pachukuliwe na kufyonza. Anayeambiwa atasafishwa ana haki ya kuuliza atasafishwa kwa kifaa gani na atapewa nini cha kutuliza maumivu, na akiuliza asionekane mjuaji.

Vidonge navyo vina jambo ambalo hata wanaovisifia hulipitia juu juu. Kuna tofauti kubwa kati ya mimba iliyokwisha kuanza kutoka na mimba iliyosimama kimya. Ile iliyoanza kutoka, damu imeonekana na mlango wa kizazi umefunguka, vidonge huimalizia bila taabu. Ushahidi wake tunao hapahapa nchini. Utafiti uliofanyika hospitali ya mkoa wa Kagera, ukachapishwa 2007, uliwagawa wanawake 300 kwa kura: nusu wakameza mikrogramu 600 za misoprostoli, nusu wakafyonzwa. Kwa waliomeza, tiba ilikamilika kwa asilimia 99. Kwa waliofyonzwa, asilimia 100. Miaka minane baadaye Uganda wakauliza swali la pili, kama mkunga anaweza kusimamia tiba hiyo sawa na daktari. Kote kuwili ilikamilika kwa zaidi ya asilimia 95.

Mimba iliyosimama mlango ukiwa bado umefunga ni habari nyingine, na hapo misoprostoli peke yake husuasua. Utafiti wa Marekani wa 2018 uliwachukua wanawake 300 wenye hali hiyo. Waliopewa misoprostoli tu, mikrogramu 800 ukeni, asilimia 67 walikuwa wamekwisha kuitoa mimba walipoonwa mara ya kwanza baada ya tiba, na asilimia 23.5 waliishia kufyonzwa ndani ya siku 30. Wale waliotanguliziwa siku moja kabla kidonge cha mifepristoni, kinachozuia homoni ya kuishikilia mimba, walifika asilimia 84, na waliohitaji pampu walikuwa asilimia 8.8 tu. Waingereza walipoujaribu mchanganyiko huo kwa wanawake 711 na kuchapisha 2020, walipata tofauti ndogo zaidi, lakini ya kuelekea upande uleule. Dawa hizo mbili kwa pamoja WHO iliziingiza kwenye orodha kuu ya dawa muhimu mwaka 2019.

Kwetu mtu akisema vidonge anamaanisha misoprostoli, basi hesabu ya kumpa mgonjwa ni ya misoprostoli: wakitumia wanne ambao mimba zao zimesimama, mmoja anaweza kuhitaji pampu hata hivyo. Akielezwa hivyo mapema, kurudi kituoni ni sehemu ya pili ya tiba aliyoichagua mwenyewe. Asipoelezwa, anarudi akiamini kwamba mwili wake umeshindwa mara mbili, kwanza kubeba mimba na sasa hata kuitoa. Nimewahi kumsikia mwanamke akiyasema haya kwenye benchi la kusubiria, na hakuna aliyemkatiza.

Kwa nini basi dawa hii inagawiwa kwa kunong'ona? Historia yake haina aibu yoyote. Ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na Marekani iliidhinishwa kwa kazi hiyo 1988. Wakunga wetu wanaijua kwa kazi nyingine kubwa, kuzuia damu kumwagika baada ya mtoto kuzaliwa, na huko kwenye chumba cha kujifungulia inatajwa kwa sauti mbele ya kila mtu. Ikivuka korido kwenda kwa mwanamke wa wiki tisa, ghafla inakuwa dawa ya wahuni. Duka la dawa nako hakuna nafuu. Mteja ana cheti cha daktari mkononi, lakini muuzaji anakisoma cheti, anamtazama usoni, anakisoma tena, kisha anasema imekwisha.

Wauzaji na watoa huduma wanaiogopa sheria, na sheria ipo kweli. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inaadhibu utoaji wa mimba: hadi miaka 14 kwa anayemfanyia mwenzake, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa dawa au kifaa akijua kinakwenda kutumiwa kwa kazi hiyo. Lakini kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kufa hakumo humo. Huduma baada ya mimba kuharibika ina mwongozo wake wa Wizara ya Afya, na hutolewa kwa kila mwenye kuihitaji, hata yule ambaye mtoa huduma anashuku kwamba alijianzishia. Upelelezi una watu wake na wana ofisi yao. Nesi anayetumia robo saa kumhoji mgonjwa anayetoka damu anakula muda wa kupima presha na wingi wa damu.

Shaka hiyo inamsukuma mtu mahali pabaya zaidi. Mwanamke aliyefokewa mara moja, mara ya pili hatarudi. Atakaa ndani mpaka homa impande, au atanunua vidonge mlango wa nyuma kwa mtu asiye na utrasaundi, asiyejua wiki za mimba, asiyejua hata kama mimba yenyewe iko kwenye kizazi. Mimba iliyotunga kwenye mrija haitibiwi na misoprostoli. Atatoka damu kidogo, ataamini yamekwisha, na mrija unaweza kupasuka siku yoyote kuanzia hapo. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu ya ncha ya bega yanayokuja pamoja na tumbo kuuma ni mambo ya kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Lipo na kosa la kinyume, la haraka, nalo halisemwi. Si kila mimba isiyoonyesha mapigo imekufa. Wataalamu walikwisha kuweka vipimo: kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, chenye urefu wa milimita 7 au zaidi bila mapigo, au mfuko wa mimba wenye kipenyo cha wastani cha milimita 25 au zaidi usio na kiinitete, hapo ndipo daktari anaweza kusema bila wasiwasi. Chini ya hapo, mgonjwa arudie kipimo baada ya wiki moja au mbili. Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu wanawake wengi hawana tarehe ya kuaminika. Aliyetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango hedhi yake inaweza kuyumba kwa miezi. Anayenyonyesha huenda hakuona siku zake kabisa kabla ya kushika mimba. Mtu akihesabiwa wiki tisa kumbe ana tano, picha itaonyesha mfuko mtupu, na vidonge ukishavitoa huwezi kuvirudisha. Mwanamke anayeomba kipimo cha pili apewe bila kununiwa.

Tukija kwenye nyumba, hapo ndipo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wa mbali unapogonga ukuta. Vipeperushi vya Ulaya vinamwambia mwanamke akae nyumbani, kwenye mazingira yake tulivu, karibu na bafu. Chukua nyumba yetu ya kawaida ya Ngamiani. Vyumba sita vinatazamana, ukumbi mrefu katikati, na uani kuna choo kimoja na bomba moja wanalotumia wapangaji wote. Vidonge vikishaanza kazi, ndani ya saa chache tumbo linakata kuliko hedhi yoyote aliyowahi kuipata. Damu inatoka kwa mabonge, baridi inamtetemesha kama mwenye malaria, na kuhara kunaweza kufuatia. Atakwenda uani na ndoo yake mara ngapi kabla mwenzake wa chumba cha pili hajauliza kuna nini? Alfajiri foleni ya choo imeanza, watoto wa shule wanagonga mlango. Khanga alizotandika atazifua saa ngapi, na atazianika wapi?

Kwa mwanamke huyo kusafishwa hospitali kunaweza kuwa ndiko kwenye faragha. Jirani yake, kwenye nyumba ileile, anaweza kuchagua kinyume kabisa, kwa sababu alishawahi kulazwa wodi ya wazazi na mimba iliyoharibika, kitanda cha pembeni kikiwa na mtoto mchanga anayelia na ndugu wanaingia na chupa za uji. Heri yeye apate maumivu chumbani kwake, mlango ukiwa na komeo, na dada yake akimkanda kiuno. Mwingine mume wake yuko dago, kambini kwa wavuvi, hatarudi mpaka bamvua, yale maji makuu ya bahari, liishe, na hana wa kumpeleka popote usiku. Utawajuaje hawa bila kuwauliza? Ndiyo maana nasema mtoa huduma asiyeuliza habari za choo, maji na nani yupo nyumbani hajamaliza kuchukua maelezo ya mgonjwa, hata kama fomu yake haina mstari wa kuandika hayo.

Umbali nao ni dawa au sumu. Mtu wa Raskazone anafika hospitali kwa bajaji kabla hajamaliza kupiga simu ya pili. Wa vijiji vya Amani huko juu milimani, mvua ikinyesha, hata bodaboda wa kawaida anakataa. Mimi kwa huyo ningesema wazi kwamba vidonge vya kutumia nyumbani havimfai mpaka apate pa kulala Muheza au mjini kwa siku mbili tatu, au afyonzwe kabla hajapanda gari. Na kabla ya kumpa yeyote vidonge, apimwe wingi wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mtu anayeanza safari hii akiwa tayari hana damu, damu ambayo kwa mwenzake ni ya kawaida kwake ni hatari.

Yanayobaki ni madogo kwa daktari, makubwa kwa mgonjwa. Maumivu haya panado haiyawezi, ibuprofeni, ambayo wengi wanaiita brufeni, ndiyo inayosaidia, na ni bora kuwa nayo mkononi kabla ya vidonge vyenyewe kuanza. Pedi mbili kubwa zikilowa chapachapa kila saa kwa saa mbili mfululizo, hiyo si damu ya kusubiri asubuhi. Baridi na homa ya siku ya kwanza ni ya dawa, ila homa inayodumu hadi siku inayofuata, au uchafu wenye harufu mbaya, ni wa kurudishwa kituoni. Kipimo cha mkojo kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki tatu au nne baada ya kila kitu kutoka. Wapo wanaokipima siku ya kumi wakaanza kutumaini, au wakaenda kununua vidonge vingine. Na yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili, kwa hiyo asiyetaka mimba nyingine upesi aanze kinga mapema. Anayeitaka hana sababu ya kutishwa na ile miezi sita ya zamani ya kungoja, maana tafiti za baadaye hazikuiunga mkono. Asubiri tu moyo wake uwe tayari.

Kuna swali jingine ambalo madaktari hawalitarajii, na mwanamke wa Kiislamu wa mji huu hawezi kulikwepa: damu hii aihesabu nifasi (damu ya uzazi), hedhi au istihadha (damu isiyo ya hedhi wala ya uzazi), na sala zake zinakuwaje? Jibu ni la shekhe wake au la ustadhati wa madrasa, na litategemea kilichotoka kilifikia hatua gani. Sasa ataulizwa wiki za mimba na atasema nini, ikiwa kwenye cheti kumeandikwa maneno matatu ya Kiingereza kwa mwandiko wa haraka? Kuandika "wiki tisa, mimba ilikuwa imesimama" hakumpunguzii daktari kitu.

Hilo la kuandika ndilo ninalolidai zaidi. Karatasi moja ya Kiswahili, ukurasa mmoja, apewe kila mwanamke anayeondoka na vidonge au anayechagua kusubiri: nini kitatokea, saa ngapi, damu kiasi gani ni ya kawaida, dalili zipi hazingojei, siku ya kurudi, na sentensi moja kwamba pampu inaweza kuhitajika na kwamba si kosa lake. Mkunga wa zahanati anaweza kuielezea karatasi hiyo kwa dakika kumi. Uganda imeshaonyesha kwamba mkunga anaiweza hata kazi yenyewe, akifundishwa na akiwa na mahali pa kumpeleka anayezidiwa. Mume au dada aliyeongozana naye aitwe ndani asikilize, mwenyewe akiridhia, kwa sababu saa nane za usiku yeye ndiye atakayekuwa na akili ya kuhesabu pedi.

Kilicho kigumu zaidi ni namba ya simu chini ya karatasi hiyo. Ikiwa ni ya nesi binafsi itazimwa akienda likizo, na ikiwa ya ofisi italala mezani kuanzia saa tisa na nusu alasiri. Inatakiwa simu ya kituo, yenye salio la kumpigia aliyebipu, ikabidhiwe zamu hadi zamu kama zinavyokabidhiwa funguo za kabati la dawa. Na anayeipokea usiku aulize kwanza pedi ngapi na tangu saa ngapi, maswali ya umri, ndoa na jina la baba wa mimba yatangoja.